Jasho la Benki

Tochi yangu ilikuwa na hasira za karibu.
Dakika mbili, mpini unaanza kunisema.
Tatu, kiganja kinajibu.
Nne, naitupa juu ya meza,
na Bi Sichana yuko mlangoni
na sufuria lake la shughuli, limepasuka kitako:
"Fundi, mbona wapumzika na kazi hujaianza?"

Hapa Limbani alumini ndiyo inayotulisha:
masufuria ya pilau, matangi ya mafuta ya boti,
fremu za madirisha za wenye nyumba mpya.
Na alumini haitaki moto wa kubembeleza.
Hunywa ampea kama mchanga unywavyo mvua,
hunywa, hunywa,
halafu ghafla, bila kuaga, inaanguka tundu.

Mashine ya kupozea, ile ya dukani, niliulizia Unguja.
Waliponitajia bei nikakata simu.
Si kwa hasira.
Nilitaka ile namba ipite peke yake,
isinikute nimesimama njiani.

Usiku ule nikamkumbuka mama,
kibarua wa tanuri la makonyo,
nguo zake zikinuka karafuu hata Idi Mosi.
Alinionesha bomba lililojizonga ndani ya pipa la maji:
mvuke unaingia huku umefura,
kule unatoka matone, umetulia.
"Moto hauuliwi," akasema, huku anafuta pua kwa kanga,
"unahamishwa nyumba tu."

Basi nikaanza kuokota.
Rejeta ya pikipiki iliyofia Konde.
Pampu ya mashine ya kufulia nguo.
Feni ya kompyuta ya skuli, pangaa moja limekatika,
inazunguka kwa kuchechemea.
Ndoo ya rangi ya lita ishirini, ukoko wa samawati ungali ndani.
Waya wa umeme nikauvisha mpira,
maji nikayapitisha humo humo,
moto na maji wakalala kitanda kimoja
na mimi nikakosa usingizi kwa niaba yao.

Jaribio la kwanza lilinikojolea viatu.
La pili lilikwenda siku tisa.
Kisima chetu kina chumvi na chokaa:
shaba ikaota ukijani,
pampu ikakohoa kikohozi cha mzee wa tumbaku,
ikanyamaza.
Nikaifungua, nikakuta mawe madogo, meupe,
kama meno ya mtoto.

Msabah, kijana wangu wa kazi, hakusema kitu.
Alichukua dumu, akatoka.
Nyuma ya benki kuna bomba la kiyoyozi
linalodondoka mchana kutwa, maji hayana mwenyewe.
Askari akamuuliza: "We kijana, unaiba nini?"
"Jasho lenu," akasema.
Askari akacheka, akamsogezea dumu lisimwagike.

Siku tatu kulijaza.
Maji safi, hayana chumvi wala ladha,
yametoka kwenye pumzi za watu wanaosubiri pesa zao.

Jumatano nikavaa barakoa.
Nikalilaza sufuria la Bi Sichana, nikakanyaga pedeli.
Dakika mbili. Mpini kimya.
Tano. Kiganja hakina habari.
Kile kidimbwi cha fedha kinakwenda mbele yangu,
nakidonyolea ufito, kinameza, kinasogea,
nane, tisa,
na mimi nimepotea, kwa sababu miaka yote
saa yangu ilikuwa maumivu,
na saa imesimama.

Kilichonisimamisha ni Tukuza.
Uniti zimekwisha. Giza, hivi hivi,
nusu ya mshono umekamilika, nusu ni ufa bado.
"Lahaula," akasema Bi Sichana, "harusi Ijumaa."

Msabah akatafuta mia tano mifukoni, akakosa.
Kwenye giza tukayasikia maji
yakiteremka taratibu kutoka rejetani, yanarudi ndooni.
Nikatumbukiza mkono.
Vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.
Kumbe huku ndiko ulikohamia.

"Bi Sichana," nikasema, "una elfu mbili ya uniti?"